Takwimu za uchorongaji wa shaba: Ni lini zinatosha kufungua mgodi?

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 2019 kampuni ya Ivanhoe Mines, ambayo ilikuwa ikitafuta shaba karibu na mji wa Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), ilitangaza matokeo ya shimo moja lililochorongwa kaskazini mwa eneo lake la Kamoa. Shimo hilo lilipita katika mwamba wenye unene wa mita 22.3, ambao kwa wastani ulikuwa na shaba asilimia 13.05, kuanzia kina cha takriban mita 190.

Kwa msomaji wa kawaida, takwimu hizo hazina uzito wowote. Kwa wanaofuatilia biashara ya madini zilikuwa za kushangaza, kwa kuwa migodi mingi mikubwa ya shaba duniani huchimba mwamba ambao haufikishi hata asilimia moja.

Je, shimo kama hilo linatosha kumfanya mtu aamini kuwa mgodi utajengwa? Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo ambalo kutolijua kumewagharimu watu wengi fedha zao, wakiwamo walionunua hisa, halmashauri zilizoanza kupanga matumizi ya ushuru ambao haujapatikana, na wanavijiji walioacha kupanda mazao ya kudumu kwa sababu waliambiwa mgodi unakuja.

Kampuni za utafutaji hutoa matangazo ya aina hii mara kwa mara, na karibu yote huandikwa kwa namna moja: mita kadhaa zenye asilimia kadhaa za shaba, kuanzia kina fulani. Anayetaka kuyapima hana budi kuanza na kile kinachotolewa ardhini.

Mtambo wa kuchoronga hutumia bomba lenye meno ya almasi, ambalo hukata mwamba kwa kuuzunguka na kuacha katikati kipande cha mviringo, mithili ya mche wa sabuni. Kipenyo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita tano na sita hivi. Miche hiyo hupangwa katika masanduku kwa mfuatano wa kina ilikotoka, mjiolojia huikagua, kisha hupasuliwa katikati kwa msumeno. Nusu hupelekwa maabara na nusu nyingine huhifadhiwa.

Hiyo nusu inayobaki ndiyo ushahidi. Katika eneo la Busang nchini Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Canada ilikuwa ikisaga miche yote bila kubakiza nusu, na ilipofika 1997 ilibainika kuwa dhahabu iliyoonekana maabara ilikuwa imenyunyizwa katika sampuli na mikono ya watu. Mabilioni ya dola ya wenye hisa yaliyeyuka. Kashfa hiyo ndiyo iliyoisukuma Canada kuweka kanuni kali za utoaji wa taarifa za madini, zilizoanza kutumika 2001, zikimtaka mtaalamu anayejulikana kwa jina aweke dhamana ya taaluma yake juu ya kila takwimu inayotangazwa. Tangazo lisilokuwa na jina la mtaalamu huyo halistahili kupotezewa muda.

Baada ya kujiridhisha kwamba sampuli ni za kweli, linafuata suala la urefu. Mita zinazotajwa zinaweza kuwa za urefu wa shimo, si unene wa tabaka lenyewe. Mtu akikata muwa kwa mshazari, uso wa kipande huonekana mrefu kuliko unene wa muwa. Ndivyo ilivyo kwa shimo linalopita katika tabaka kwa kulalia: linaweza kusoma mita 40 ilhali tabaka lina unene wa mita 10. Kampuni zinazojiheshimu hutaja unene halisi, kama Ivanhoe ilivyofanya kwa shimo la Kamoa. Zisizoutaja mara nyingi huwa na sababu.

Wastani nao una hila zake. Tuseme shimo limekuta mita mbili tu zenye shaba asilimia 10, na mita 38 zinazozizunguka hazina kitu. Mtangazaji anaweza kuandika kwamba amepata mita 40 zenye wastani wa asilimia 0.5, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Anayesoma ataona mlima wa mbale unaofaa kuchimbwa kwa shimo la wazi, kumbe kilichopo ni mshipa mwembamba. Ndiyo maana tangazo linapaswa kusema ni kiwango gani cha chini cha shaba kilichotumika kuamua wapi hesabu ianze na wapi iishe. Lile la Kamoa lilitumia asilimia 2, yaani hakuna mwamba mtupu uliobebwa kwa mbeleko ya mwamba tajiri.

Hila nyingine, iliyo ya heshima kidogo, ni kugeuza dhahabu, fedha au kobalti iliyomo katika mwamba kuwa "shaba" kwa kutumia bei zake, kisha kutangaza jumla. Si kosa, mradi madini hayo yanaweza kweli kutolewa kiwandani. Mara nyingi, wakati tangazo linatoka, hakuna aliyekwisha kulijaribu hilo.

Shimo moja, hata likiwa zuri namna gani, ni sindano iliyochomwa katika gunia. Kinachotakiwa ni mashimo mengi yaliyopangwa kwa utaratibu, ili ijulikane tabaka linaanzia wapi, linaishia wapi na linabadilikaje njiani. Umbali kati ya mashimo hutegemea aina ya mbale. Katika ukanda wa shaba wa Kongo na Zambia, ambako shaba imelala katika matabaka yaliyotanda kama mkeka, mashimo yanaweza kuachana kwa mita mia kadhaa na bado wataalamu wakawa na uhakika wa kiasi. Kwenye mishipa iliyokatikakatika, hata mita 50 zinaweza kuwa nyingi mno.

Kutokana na mashimo hayo hutengenezwa makadirio ya rasilimali, ambayo hugawanywa katika ngazi tatu kwa kadiri ya uhakika: inayodhaniwa kuwapo, iliyoonyeshwa na iliyopimwa. Ile ya ngazi ya kwanza haitakiwi kutumiwa kuthibitisha kwamba mgodi utalipa. Na hata iliyopimwa bado si akiba. Rasilimali huitwa akiba pale tu inapoonyeshwa kuwa inaweza kuchimbwa, kuchenjuliwa na kuuzwa kwa faida. Magazeti, na yetu hayakusalimika, huyachanganya maneno hayo mawili kila siku.

Hesabu ndogo inaweza kuonyesha tofauti hiyo. Takwimu zake ni za mfano tu, lakini haziko mbali na zile ambazo wahandisi hukutana nazo.

Chukua tabaka lenye urefu wa mita 600, upana wa mita 400 na unene wa mita 15. Hizo ni mita za ujazo milioni 3.6. Mita moja ya ujazo ya mwamba ina uzito wa takriban tani 2.7, hivyo kuna tani milioni 9.72 za mbale. Zikiwa na shaba asilimia 2, ndani yake mna tani 194,400 za shaba. Kiwanda hakipati yote. Kikipata asilimia 85, zitatoka tani 165,240. Kwa bei ya dola 9,000 kwa tani, hizo ni dola bilioni 1.49.

Kichwa cha habari cha kesho yake si vigumu kukibashiri.

Sasa toa gharama. Usafirishaji, uyeyushaji na makato ya mnunuzi, tuseme asilimia 15 ya mauzo, ni dola milioni 223. Kuchimba chini ya ardhi na kuchenjua kwa dola 90 kwa kila tani ya mbale ni dola milioni 875. Mrabaha na ada kwa asilimia 7 ni dola milioni 104. Zinabaki dola milioni 285, na mgodi wenyewe haujajengwa. Ikiwa ujenzi utagharimu dola milioni 400, mwekezaji amepoteza dola milioni 115, tena kabla ya kulipa riba ya benki, kodi ya mapato na gharama za kufunga mgodi.

Weka asilimia 4 badala ya 2 na usibadilishe kitu kingine chochote. Mauzo yanapanda hadi dola bilioni 2.97, gharama ya kuchimba inabaki ileile kwa kuwa mawe yanayobebwa ni yaleyale, na mwisho wa hesabu inabaki zaidi ya dola bilioni moja. Kiwango cha shaba kimeongezeka mara mbili tu, lakini hasara imegeuka faida kubwa. Hapo ndipo ilipo sababu ya wachimbaji kuipenda Kolwezi.

Mfano huo bado umemhurumia mwekezaji. Wachimbaji hawawezi kukata tabaka kama mkate; hubeba pia mawe taka ya juu na ya chini. Mita 15 zenye asilimia 2 zikichimbwa pamoja na mita mbili tupu, kiwango hushuka hadi asilimia 1.76. Tena dola bilioni hiyo haiji kwa mkupuo. Mgodi unaochimba tani milioni moja kwa mwaka utachukua karibu miaka 10 kumaliza mbale hiyo, na ndani ya miaka hiyo bei ya shaba haitatulia. Mwanzoni mwa 2016 tani moja iliuzwa chini ya dola 5,000 katika soko la London. Mei 2024 ilivuka dola 10,000.

Mbali na kiasi cha shaba, kuna suala la shaba hiyo imo katika umbo gani. Rangi ya kijani inayowafurahisha watembeao juu ya vilima vya Katanga ni malakaiti, madini yaliyozaliwa baada ya mwamba kukutana na hewa na maji. Hutolewa kwa tindikali, na ikiwa mwamba una chokaa nyingi, tindikali huishia katika chokaa. Chini zaidi hukutwa sulfidi, ambazo husagwa na kuelea katika povu kiwandani hadi kupata makinikia. Eneo la mpito kati ya hizo mbili, ambako zimechanganyika, limewaumiza vichwa wahandisi wengi, na tangazo la uchorongaji huwa halilitaji.

Wasomaji wa Tanzania wanalijua neno makinikia tangu Machi 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa kwa makinikia ya dhahabu na shaba. Mzozo ule ulikuwa hasa juu ya kilichomo ndani ya makontena, lakini jambo la uzito nalo lilikuwapo. Makinikia yenye shaba asilimia 25 yana maana ya kusafirisha tani nne ili kufikisha tani moja ya shaba. Yenye asilimia 50 ni tani mbili. Kutoka Kolwezi hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 2,000 za barabara kupitia Zambia na Tunduma, na kila tani ya uchafu hulipiwa nauli sawa na tani ya shaba.

Aina ya madini ndiyo huamua hilo. Kalkopiriti, ambayo ndiyo sulfidi ya shaba ya kawaida zaidi, ina shaba asilimia 34.6 hata ikiwa safi kabisa. Kalkositi ina karibu asilimia 80. Mbale ya Kakula, jirani wa Kamoa, imejaa kalkositi, na makinikia yake yamekuwa yakivuka asilimia 50. Aseniki nayo, ambayo viwanda vya kuyeyusha huitoza faini na China huizuia kuingia ikizidi asilimia 0.5 ya makinikia, ni kidogo sana pale. Shimo lenye shaba nyingi na aseniki nyingi linaweza kuwa na thamani ndogo kuliko lenye shaba ya wastani lililo safi.

Historia ya Kamoa na Kakula inastahili kuelezwa, kwa kuwa ni mfano wa matokeo ya uchorongaji yaliyozaa mgodi kweli. Eneo hilo liko umbali wa kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, sehemu ya ile Katanga ambayo kati ya 1971 na 1997 serikali ya Mobutu iliita kwa neno la Kiswahili, Shaba. Migodi ya zamani ilifuata vilima ambavyo shaba ilionekana juu yake. Kamoa haikuwa na kilima cha namna hiyo. Shaba yake ilijificha chini, kwenye kitako cha tabaka nene la mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, mwamba ambao watangulizi hawakuutilia maanani.

Kamoa ilitambuliwa 2008, na Kakula, iliyo tajiri zaidi, 2016. Mwishoni mwa 2015 kampuni ya Zijin ya China ilikuwa imekwisha nunua nusu ya hisa za Ivanhoe katika mradi, kwa dola milioni 412. Hiyo ndiyo kura ya kweli: kampuni yenye uzoefu ilipeleka wataalamu wake, wakaikagua miche kwenye masanduku, kisha ikatoa fedha. Uzalishaji ulianza Mei 2021, na 2024 mgodi ulitoa tani 437,061 za shaba. Shimo la asilimia 13 lililotangazwa Januari 2019 halikuwa msingi wa uamuzi huo. Wakati linachorongwa, maandalizi ya mgodi wa Kakula yalikuwa yanaendelea juu ya mamia ya mashimo mengine yasiyokuwa na mvuto wa magazetini.

Hata hapo, mwamba pekee haukutosha. Katanga ina upungufu wa umeme, na wenye mgodi walilazimika kugharimia ukarabati wa mtambo namba 5 wa kituo cha Inga II, wenye uwezo wa megawati 178, ulio upande wa pili wa nchi.

Uganda iliujua ukweli huo mapema. Shaba ya Kilembe, chini ya milima ya Rwenzori, ilikuwa na kiwango cha takriban asilimia 2 na ilijulikana miaka mingi kabla ya mgodi kufunguliwa. Kilichoufungua ni umeme wa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa 1954, kiwanda cha kuyeyusha kilichojengwa Jinja na reli iliyofika Kasese 1956. Mgodi uliendelea hadi 1982. Asilimia 2 iliyoleta hasara katika hesabu ya hapo juu ililipa Kilembe kwa sababu reli na umeme vilijengwa na mfuko mwingine.

Maji ni jambo ambalo takwimu za shaba hulificha kabisa. Konkola, katika mji wa Chililabombwe nchini Zambia, ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Pampu zake hutoa takriban mita za ujazo 300,000 kwa siku. Jirani na hapo upo mradi wa Mingomba, ambao kampuni ya Marekani ya KoBold Metals iliutangaza 2024 kuwa miongoni mwa ugunduzi mkubwa wa shaba ya kiwango cha juu. Kiwango hakibishaniwi. Ila mbale hiyo iko zaidi ya kilomita moja chini, na anayeichimba atapaswa kwanza kuzamisha visima vya mgodi kupita katika miamba iliyobeba maji ya ukanda uleule.

Kakula nayo ilikumbushwa. Mei 2025 mitetemo iliutikisa mgodi, shughuli za chini ya ardhi zikasimamishwa na maji yakajaa sehemu zake. Makadirio ya uzalishaji wa mwaka huo, yaliyokuwa kati ya tani 520,000 na 580,000, yalishushwa hadi kati ya 370,000 na 420,000. Mbale ilikuwa ileile. Ugumu wa mwamba na tabia ya maji hupimwa kwa mashimo hayohayo ya uchorongaji, lakini kwa vipimo vingine, ambavyo haviingii katika kichwa cha tangazo.

Upande wa serikali na jamii nao huweza kuufuta mgodi ambao mahesabu yake yamekamilika. Cobre Panamá, mojawapo ya migodi mikubwa ya shaba katika Amerika, ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya Mahakama Kuu ya Panama kuubatilisha mkataba wake, huku maelfu ya wananchi wakiwa barabarani. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya 2017 yaliweka mrabaha wa asilimia 6 kwa shaba, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 ambazo hazilipiwi mtaji. Asilimia 7 katika mfano wetu imetoka hapo. Anayesoma tangazo la uchorongaji la mradi wa Tanzania, kama mwekezaji au kama diwani, anapaswa kuianza hesabu yake na makato hayo.

Mfano wa nyumbani wa subira ni Kabanga, wilayani Ngara. Mwamba wake wa nikeli, shaba na kobalti ulianza kuchunguzwa miaka ya 1970. Tangu hapo umepita mikononi mwa kampuni kadhaa kubwa, zikiwamo Barrick na Glencore, kila moja ikiongeza mashimo yake, na mamia ya kilomita yakachorongwa bila mgodi kujengwa. Januari 2021 Serikali ilisaini mkataba mpya ulioanzisha kampuni ya Tembo Nickel, na Julai 2025 ukatolewa upembuzi yakinifu unaotaja, kwa mara ya kwanza kwa wamiliki hao, akiba badala ya rasilimali. Nikeli yake ni takriban asilimia 2. Shaba haifiki asilimia 0.3, ingekuwa peke yake hakuna ambaye angechoronga shimo la pili, lakini kwa kuwa inatoka katika jiwe lilelile la nikeli ambalo lazima lichimbwe na kusagwa, imeingizwa katika hesabu ya mapato.